Dar es Salaam ya mafundi haina vibao mlangoni

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Dar es Salaam anayetaka kabati, gauni la harusi au zawadi ya kumpelekea ndugu aliye ng'ambo, siku hizi huanza kwa kufikiria duka kubwa lenye kiyoyozi, vioo na bei zilizobandikwa. Huko atakuta kitu kilichokwisha kutengenezwa, ambacho pacha wake maelfu wamesambaa duniani kote. Aghalabu hakumbuki kwamba, umbali wa nauli moja ya daladala kutoka hapo aliposimama, yupo mtu awezaye kumtengenezea kitu hicho hicho kwa kipimo cha chumba chake au cha mwili wake, kwa mbao au kitambaa anachokichagua mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mtu huyo hana kibao mlangoni. Wakati mwingine hana hata mlango.

Katika mkoa huu, ambao Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, wabunifu ni wengi mno. Hata hivyo, kazi yao haikupangwa ili mpita njia aione na kuitamani. Imepangwa kwa ajili ya mtu anayeagiza. Sehemu kubwa ya uzuri wa kitu hupatikana katika mazungumzo baina ya mteja na fundi, kabla randa haijagusa ubao au mkasi haujagusa kitambaa. Anayetembea jijini akitafuta madirisha ya maonesho atarudi nyumbani akiamini kwamba Dar es Salaam haina lolote, na makala haya yanajaribu kueleza kwa nini mtu huyo atakuwa amekosea.

Kila mtaa na kazi yake

Mahali pa kuanzia ni Kariakoo. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo hilo lilitumiwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo.

Wengi wamepita chini ya paa la soko kuu kwa miaka bila kuinua macho. Paa hilo ni kazi ya msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, na soko lilifunguliwa mwaka 1975. Amuli alisimamisha nguzo za zege zinazotanuka huko juu mithili ya miavuli iliyopinduliwa, hewa ikapata njia ya kupita, mwanga ukaingia, na muuza mchicha akapata kivuli bila feni. Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliteketeza soko hilo, na mwaka uliofuata Serikali ilianza kazi ya kulikarabati na kujenga jengo jipya pembeni yake, kwa gharama ya takribani Sh bilioni 28. Kwa mwandishi wa makala haya, hakuna jengo jingine jijini linaloonesha vizuri zaidi kwamba ubunifu wa hali ya juu unaweza kufanywa kwa ajili ya nyanya na vitunguu.

Nje ya soko, mitaa imegawana kazi. Mtaa wa Kongo ni wa nguo. Ukishika Barabara ya Uhuru kuelekea Mnazi Mmoja unaingia katika khanga na vitenge. Gerezani ni kwa mafundi wa bati na vyuma, ambao hufua majiko, makarai na yale matranka ambayo kila aliyesoma shule ya bweni anayakumbuka. Samani zipo Keko, vinyago vipo Mwenge, na picha za Tingatinga zipo Oyster Bay.

Mgeni hushangaa kuona mafundi 30 wa kazi moja wamejipanga bega kwa bega, akadhani wanaharibiana biashara. Ukweli ni kinyume chake. Asiye na mashine ya kuranda hulipia kwa jirani aliye nayo. Misumari, gundi, bawaba na vitasa huuzwa hatua chache kutoka hapo. Fundi aliyezidiwa na oda humpelekea mwenzake sehemu ya kazi, na kijana aliyeingia kama saidia fundi hujifunza kwa kutazama mikono ya watu kumi badala ya mmoja. Mtaa mzima, kwa maneno mengine, ni karakana moja yenye wenyewe wengi. Ndiyo maana fundi mmoja akihamishwa peke yake kupelekwa mahali pengine, hata kama ni pazuri, hupoteza zaidi ya kibanda chake.

Khanga ina wabunifu wasiojulikana

Chukua mfano wa khanga. Kila mtu anajua kwamba ina pindo linalozunguka, mji ulio katikati na jina lililoandikwa chini ya mji, na kwamba huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Wachache hujiuliza ni nani aliyechagua jina hilo na maua yale. Kwa desturi ya biashara hii, mfanyabiashara wa jumla ndiye huamua. Yeye husikiliza mjini wanasema nini, huteua usemi, huchagua rangi, kisha hupeleka oda kiwandani, na alama yake huchapwa pembezoni mwa kitambaa. Katika historia ya khanga, duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo alama yake ni "Mali ya Abdulla", hutajwa kuwa ndilo lililoanza kuchapa semi za Kiswahili, mapema katika karne ya 20.

Tanzania nayo ilipata kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kizazi kizima kilivaa kazi zake. Leo hii khanga nyingi zinazotundikwa madukani hutoka India, ingawa usemi ulio juu yake umetungwa huku. Mteja makini hugeuza kitambaa akaangalia maandishi ya pembeni kabla ya kuuliza bei.

Kitenge kina safari nyingine, kwa sababu hakikamiliki mpaka kifike kwa fundi cherehani. Zamani kibanda cha fundi kilipambwa kwa kalenda za mishono, na mteja alinyoosha kidole ukutani. Siku hizi huja na picha katika simu. Fundi huitazama, hutazama umbo lililo mbele yake, kisha huanza kusema kwa upole kwamba mkono ule utambana na shingo ile itashuka mno. Hapo ndipo mshono mpya huzaliwa, bila jina la aliyeubuni kuandikwa popote. Jukwaa la kuyataja majina ya wabunifu wa mavazi lilikuja baadaye, mbunifu Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008. Mwaka huo huo ndipo ilipoanza Nafasi Art Space huko Mikocheni, eneo la viwanda vidogo, ambako makontena ya meli yamegeuzwa vyumba vya kufanyia kazi wachoraji na wachongaji. Mtu anaruhusiwa kuingia na kutazama. Wengi wanapita barabara ya jirani kila siku bila kujua.

Kuagiza ni kazi

Keko ndiko mahali ambapo mnunuzi asiye na uzoefu huumia haraka, na mwandishi wa makala haya anaweza kutoa ushahidi. Miaka kadhaa iliyopita aliagiza kabati la vitabu la mninga kwa fundi mmoja, wakati wa masika, akasisitiza liwe tayari ndani ya siku kumi. Likawa tayari. Lilipendeza, likang'aa kwa vanishi, na kufikia mwisho wa mwaka mlango wake mmoja ulikuwa haufungi na rafu ya juu imepinda kama upinde. Mbao zilikuwa mbichi. Fundi alikuja na randa yake, akarekebisha bila kudai hata senti, kisha akaeleza kwa adabu kwamba siku kumi zilikuwa chaguo la mteja.

Tangu siku hiyo swali la kwanza limekuwa: mbao hizi zimekauka kwa muda gani? Mninga una rangi ya kahawia yenye wekundu na hufanya kazi vizuri. Mkongo ni mgumu na mzito. Mtiki huvumilia unyevu na wadudu. Msonobari ni wa bei nafuu, na fundi mwaminifu atakuambia mapema kwamba hautadumu kama mingine. Fundi asiye mwaminifu ataupaka rangi ya mninga, kwa hiyo ni busara kuona mbao kabla hazijapakwa chochote.

Suala la pili ni bei. Bei ya fundi ina vipande viwili, gharama ya vifaa na ujira wa kazi, ambao wenyewe huuita ufundi. Mteja anayepatana bei kwa jumla hujiona ameshinda, kumbe fundi amepunguza vifaa: ubao umekuwa mwembamba, bawaba ni za bei ya chini, nyuma ya kabati pamewekwa kipande cha plaiwudi laini. Ni afadhali kumtaka ataje vifaa kimoja kimoja, kisha mkapatana kuhusu ufundi peke yake. Wateja wengine huenda naye kununua mbao. Kuhusu malipo, mazoea ni kutanguliza nusu na kumalizia siku ya kuchukua. Kutanguliza pesa zote ni kumpa fundi ruhusa ya kuanza kazi ya mwingine.

Tatu, nenda na vipimo. Kitanda cha futi tano kwa sita kila mtu anakijua, lakini kabati la kuingia kwenye kona yenye nguzo halijulikani mpaka upime. Chora, hata kama mchoro wako ni mbaya. Mafundi wa Keko wamezoea kusoma michoro mibaya, na mara nyingi watakurudishia wazo zuri kuliko ulilokuja nalo.

Mpingo na rangi ya baiskeli

Sanaa mbili zilizolitangaza jiji hili duniani nazo zilianza kwa mtu na mteja wake. Wachongaji wa Kimakonde waliofika Dar es Salaam kutoka kusini na kutoka Msumbiji katika karne iliyopita walikuwa na ustadi wa kale, lakini mtindo wa shetani, wenye viungo vilivyopindwa na nyuso zisizo za dunia hii, ulizuka jijini katika miaka ya 1950. Mchongaji anayetajwa kuuasisi ni Samaki Likankoa, na mfanyabiashara Mohamed Peera ndiye aliyeinunua na kuihimiza kazi hiyo. Mtindo mwingine, wa watu waliobebana mmoja juu ya mwingine katika nguzo moja ya mti, uliitwa ujamaa, na ukakubalika mno baada ya Uhuru.

Ukienda Mwenge leo utasikia tezo na patasi kabla hujaviona. Mpingo ni mti unaokua polepole sana, huchukua miongo mingi kufikia unene wa kufaa, na viwanda vya Ulaya vinautaka kwa ajili ya zumari za okestra. Kwa hiyo ni adimu na ghali, na pale ambapo kitu ni adimu bandia hazikosekani. Miti mingine hupakwa kiwi ya viatu ikauzwa kama mpingo. Mpingo halisi ni mzito kiasi kwamba huzama majini. Mahali usipoweza kuuchovya, kwaruza kidogo chini ya kinyago kwa ukucha au kisu: rangi ikibanduka, rudisha rafuni. Njia iliyo bora zaidi ni kununua kwa mtu unayemwona anachonga.

Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968. Alitumia vifaa ambavyo fundi yeyote wa mjini angevipata: mbao za dari, zilizokatwa vipande vya mraba vya sentimita 60 hivi, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli na nyumba. Picha ziliuzwa Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa wakazi wa kigeni waliokuja kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki dunia. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika, ambacho makao yake yako hapo hapo palipoanzia biashara.

Jambo linaloleta ubishi ni kunakili. Mchoraji mmoja akibuni picha inayouzika, wiki inayofuata imetundikwa kwa wenzake kumi, na baadaye Zanzibar na Arusha. Wapo wanaosema huo ndio utamaduni wenyewe, kwa kuwa wote walijifunza kwa kuiga. Wapo wanaosema ni wizi, nao wana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya kuiegemea. Mnunuzi ana la kufanya pia: amuulize mchoraji ni ipi aliyoianzisha yeye, na ainunue hiyo, hata kama haina tembo wala Mlima Kilimanjaro.

Rangi hiyo hiyo ya mafuta ndiyo iliyoandika vibao vya vinyozi, kuta za maduka na maneno ya nyuma ya daladala. Mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine yamewanyang'anya waandishi wa vibao sehemu kubwa ya riziki, lakini kazi zao bado zinaonekana katika mitaa ya Manzese, Temeke na Buguruni kwa anayekwenda kwa miguu.

Jioni mitaa hubadilika

Migahawa nayo hufuata kanuni ile ile ya kutokuwa na kibao. Katika eneo la Kisutu, maduka yakifungwa jioni, viti vya plastiki hupangwa barazani, majiko ya mkaa huwashwa, na mahali palipouzwa bidhaa mchana panakuwa pa kuku wa kuchoma, mishkaki na chapati. Mapishi ni ya Kihindi na ya Kiswahili kwa pamoja, na miaka mingi imepita tangu mtu aweze kusema wapi moja linaishia na jingine linaanzia. Asubuhi mitaa hiyo hiyo ni ya chai ya maziwa, kachori na katlesi.

Kwa chakula cha mchana hakuna anayelishinda jiji hili kwa mama lishe. Anapika kiasi anachojua kitakwisha, na anayefika saa nane anaambiwa kilichobaki ni ugali na mchicha. Hilo ni jibu la heshima: maana yake hakuna kiporo. Wauza pweza huanza giza linapoingia, na supu yake hunywewa kwa kusimama. Muuza kahawa, na birika lake na kashata zake, huja mwisho, wakati hadithi za siasa na mpira zimekwisha kupamba moto.

Ardhi si yao

Vyote hivi vinakaa juu ya ardhi ya wengine. Fundi wa barazani hukaa kwa hisani ya mwenye nyumba, na fundi wa kando ya barabara hukaa kwenye hifadhi ya barabara, ambayo siku moja mwenyewe atakuja kuidai. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa Sh 20,000, wakaamini kwamba wametambuliwa. Mwaka 2021 machinga waliondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa kwenye maeneo maalumu. Januari 2022 soko la Karume liliungua, na mafundi waliokuwa wakigeuza mitumba kuwa nguo mpya wakapoteza vyerehani vyao. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ni neema kwa abiria, lakini kila njia mpya inapopanuliwa kuna safu ya mafundi inayofungasha.

Si kila uamuzi umekuwa dhidi yao. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo maduka ya bidhaa za kumbukumbu kwa watalii na viwanda vidogo. Wenye vibanda walikuwa na sababu ya kuifurahia. Hata hivyo, amri hiyo humwondoa mshindani aliyeketi dukani. Kabati la chembechembe za mbao linaloshushwa bandarini ndani ya kontena haliigusi. Kabati hilo huja likiwa limekamilika, halina masika, na halihitaji mteja ajue tofauti ya mninga na mkongo.

Mwezi uliopita mwandishi wa makala haya alikwenda kumtafuta yule fundi wa kabati la vitabu, safari hii kwa ajili ya meza. Kibanda hakikuwapo, wala vile vya jirani zake. Palikuwa na changarawe mpya na ukuta wa mabati. Juu ya bati, kwa rangi nyeusi ya mafuta na mwandiko wa mtu aliyezoea brashi, yameandikwa majina saba, kila moja na kazi yake na namba yake ya simu: seremala, kochi, madirisha, kochi, vitanda, kuranda, seremala. La fundi wake lilikuwa la mwisho. Alipokea simu mara ya pili. Yuko nyuma ya Mbagala, alisema, hana tena mashine ya jirani ya kurandia, kwa hiyo meza itachukua wiki tatu, na mbao zipo, zimekauka.